Mama Hakuja Kwenye Theluji Kulinda Mabegi

Dada zangu, na nyinyi mabibi harusi mnaotafuta fungate la theluji msipite, maneno haya yanakuhusuni kuliko mnavyodhani.

Kuna picha ya familia nimechoka kuiona. Baba kavaa skii, watoto watatu wamevaa skii, wote wanacheka, nyuma yao mlima mweupe pe. Mama hayumo. Mama ndiye aliyepiga picha. Ukiangalia vizuri utamuona pale chini, kivuli kirefu juu ya theluji, begi begani na glavu za mtoto mdogo kwapani. Safari imelipiwa watu watano, wamejifunza wanne, na wa tano kakaa siku sita kwenye mgahawa wa chini ya mlima akinywa chai kwa bei ya dhahabu na kulinda mabegi.

Mimi nasema bila ya kuficha: ikiwa safari ya kwanza ya theluji imepangwa hivyo, basi haijapangwa. Irudi kwenye karatasi ianze upya, ama fedha zibaki zilipo.

Majibu nayajua. La kwanza, na ndilo linalotolewa kwa sauti kubwa, ni kwamba mwanamke wa stara hana kazi kwenye skii. Anayesema hivyo hajawahi kuziona nguo zenyewe. Suruali pana isiyopitisha maji, jaketi nene linaloshuka hadi mapajani, kofia ngumu, miwani mikubwa inayofunika nusu ya uso, kitambaa cha shingo kinachovutwa hadi puani, glavu. Pale mlimani utashindwa kumtofautisha Mfaransa na mtu wa Makunduchi. Ni mchezo mmoja wa ajabu ambao kila mwanamke, awe na dini au asiwe nayo, amejifunika kuliko sisi tunavyojifunika kwenda sokoni Darajani. Wewe chukua jaketi la saizi moja zaidi na lenye urefu, na umemaliza.

Buibui ndilo lisilofaa, na hilo halina mjadala, kwa sababu ni hatari. Lifti ya viti haisimami kukungoja. Kitambaa kirefu kikinasa kwenye kiti wakati wa kushuka unaburutwa. Ushungi uwe mfupi, wa kitambaa cha kunyoosha, unaoingia ndani ya jaketi, na usiwe na pini hata moja, maana kofia ngumu itaikandamiza pini ile kichwani siku utakayoanguka. Na utaanguka. Kofia ya kufunika kichwa na shingo, ile inayoacha uso tu, hufanya kazi yote hiyo kwa bei ndogo.

Halafu tukumbushane. Bibi Aisha (r.a.) alishindana mbio na Mtume (s.a.w.) wakiwa safarini, akamshinda; baadaye, alipokuwa ameongezeka mwili, akashindwa. Hadithi hii tunaisimulia kwenye kila semina ya ndoa na kila mtu anatabasamu. Sasa ikifika zamu ya mke wako kucheza safarini, unamkabidhi mabegi?

"Lakini theluji si yetu." Si ya nani? Marjan Kalhor wa Iran alishuka mlima Vancouver mwaka 2010, mwanamke wa kwanza wa nchi yake kushiriki Olimpiki ya majira ya baridi, na alishuka akiwa amejistiri. Sabrina Simader, aliyeiwakilisha Kenya kwenye Olimpiki ya baridi ya 2018 kule Korea, amezaliwa Kilifi, pwani hii hii yetu, kisha akakulia Austria. Waturuki wana milima ya skii ambako adhana inasikika. Nani aliyetuandikia kwamba fungu letu ni mchanga tu?

Jambo linaloniudhi zaidi ni kwamba watu wanagombana kuhusu stara mahali pasipo na tatizo, kisha wanafumba macho palipo na tatizo la kweli. Mteremko hauna neno. Shida huanza saa kumi jioni lifti zinapofungwa. Katika vijiji vingi vya Alps hapo ndipo muziki unapofunguliwa na mvinyo wa moto kumwagwa kwenye vikombe, nje kabisa, njiani unakopita na watoto. Ile jibini ya kuyeyushwa ya Uswisi, fondue, ambayo kila mtu anataka kuipiga picha, kwa asili hupikwa kwa mvinyo mweupe na huongezwa pombe kali ya cherry. Nyama iliyokaushwa inayokatwa nyembamba juu ya viazi kule Austria mara nyingi ni nguruwe. Na sauna za hoteli za Austria, zile unazoziona kwenye tangazo zina mbao nzuri na mishumaa, kwa kawaida ni za wanaume na wanawake pamoja, na utaratibu wao ni kuingia bila ya nguo. Bi harusi aliyelipia hoteli "yenye spa" akifikiri ataendeleza singo lake huko atapata mshtuko mlangoni. Mawakala wetu wa safari hawakuambii haya. Wengine hawajui, na wengine wanajua wakanyamaza.

Na hao mawakala, hebu tuwaseme kidogo. Anayekwenda mara ya kwanza anauziwa Courchevel kwa sababu jina linang'ara. Les 3 Vallées, eneo ambalo Courchevel imo ndani yake, lina kilomita 600 za njia za skii. Kilomita 600! Wewe mwanafunzi, siku tatu za mwanzo, utatumia mita 200 za kijilima cha kujifunzia pembeni ya kituo, utakipanda na kukishuka kama mtoto anayejifunza baiskeli. Kununua pasi ya eneo zima kwa familia isiyojua kusimama ni kufa na tai shingoni. Vituo vingi vina lifti za wanafunzi zisizolipiwa au tiketi ndogo ya eneo la chini. Lazima uiulizie, maana haitangazwi kwa herufi kubwa.

Mimi kwa familia ya Kiislamu inayoanza, jibu langu ni Erciyes, na sioni aibu kulitetea. Mlima wenyewe una mita 3,917, yaani chini ya Kilimanjaro wetu kwa karibu mita 2,000, na uko kama kilomita 25 tu kutoka mji wa Kayseri, katikati ya Uturuki. Kituo kikuu cha Tekir kiko takriban mita 2,200 juu ya bahari. Njia zake zote zinafika kama kilomita 100, nyingi kuliko utakavyohitaji kwa miaka mitano. Kutoka Unguja ndege za kwenda Istanbul zipo, na kutoka Istanbul hadi Kayseri ni saa moja na kidogo. Unaweza kulala mjini na kupanda mlima asubuhi. Mji ule una misikiti ya karne nane, na chakula chake, mantı zilizomwagiwa mtindi, pastırma ya ng'ombe, mama hahitaji kuuliza mara tatu kama ni halali.

Na kuna jambo jengine kuhusu Kayseri ambalo sijui kwa nini haliandikwi kwenye vipeperushi. Mji ule umejaa majina ya wanawake. Hospitali na madrasa ya Gevher Nesibe, iliyomalizika mwaka 1206, ilijengwa kutokana na wasia wa binti mfalme wa Kiseljuki ili watu watibiwe na waganga wasomeshwe. Msikiti na madrasa ya Hunat Hatun, ya mwaka 1238, uliwekwa na mke wa Sultan Alaeddin Keykubad. Mchukue binti yako akaone. Itakuwa siku bora ya safari, na miguu itakuwa inapumzika.

Uludağ, juu ya Bursa, ni kongwe na karibu na Istanbul, lakini mwisho wa wiki hujaa watu na kelele za usiku. Palandöken ya Erzurum, palipochezwa michezo ya baridi ya vyuo vikuu duniani mwaka 2011, ina miteremko mikali, na baridi ya Januari ya nyuzi 10 chini ya sifuri ni ya kawaida. Mtoto aliyezoea Michenzani usimuanzishie huko. Oukaïmeden ya Morocco, juu ya Marrakech, ni rahisi na ya kupendeza, ila theluji yake haina ahadi.

Sasa sala, maana hapa ndipo mipango mingi inapovunjika kimya kimya na watu hurudi na kadha za wiki nzima.

Vifurushi vya skii huuzwa Jumamosi hadi Jumamosi. Wengi wetu visiwani ni wafuasi wa Imam Shafi, na kwa madhehebu yetu msafiri anayenuia kukaa mahali pamoja siku nne kamili au zaidi, bila ya kuhesabu siku ya kuingia na ya kutoka, anahesabiwa mkaazi tangu anapofika. Hapunguzi wala hakusanyi. Kifurushi cha wiki kina siku sita kamili. Kwa hiyo yule mama anayesema "mimi msafiri, nitakusanya usiku hotelini" ajiulize tena, na amuulize sheikh wake kabla ya kulipa, si baada. Hii ni sababu mojawapo ninayopendelea siku tatu kamili za theluji kisha familia ihame, ikatembee Kapadokia, iliyo karibu na Kayseri, au irudi Istanbul. Sababu nyengine ni ya mwili. Asiyezoea, siku ya nne mapaja yake hayamtii tena, na majeraha huja kwa waliochoka.

Soksi nazo. Kwetu soksi nyembamba za kawaida hazipakwi maji badala ya kuosha miguu, na khofu ya ngozi haiingii ndani ya buti la skii, kwa sababu buti lile linataka soksi moja tu nyembamba, ukizidisha damu haipiti na vidole vinaganda. Wala huwezi kusujudu vizuri na buti lililofunga kifundo cha mguu. Basi mpango ni huu: somo la asubuhi, saa nne hadi saa sita, mnavua mabuti, mnakula, Adhuhuri ya Kayseri mwezi wa Januari inaingia karibu na saa saba, mnaosha miguu kwa maji ya uvuguvugu, mnasali, mnavaa tena. Alasiri inaingia baada ya saa tisa na Magharibi ni karibu na saa kumi na moja na nusu, hivyo baada ya somo la mchana nafasi bado ipo. Baba akisema atasali akitoka mlimani na kwamba mama abaki chini "awakumbushe watoto", mjibuni kwamba kila mtu ana saa ya mkono.

Mabegi? Karibu kila kituo kina makabati ya kukodi yenye kufuli.

Mtoto mchanga je? Hapa nakubali ugumu upo, na sitajifanya haupo. Vituo vikubwa vina chekechea, lakini si kila mama atamuacha mtoto kwa mtu asiyemjua, na ana haki yake. Basi baba na mama wapeane zamu: mama asubuhi, baba mchana. Zamu maana yake ni zamu. Si mama akacheze robo saa ya mwisho wakati jua linazama na theluji imeshakuwa barafu.

Tukija kwenye kujifunza kwenyewe, nina ugomvi na waume, hasa wale vijana walioteleza Dubai mara mbili. Mume si mwalimu wa skii. Atakwambia "piga moyo konde, nifuate", atakupandisha njia ya rangi nyekundu kwa sababu mandhari ni nzuri, utakwama katikati, utalia, na fungate limeharibika. Rangi zina maana. Ufaransa kijani ndiyo rahisi kabisa, kisha buluu, nyekundu, na nyeusi ya mabingwa. Austria hakuna kijani, wanaanzia buluu. Mwalimu wa kulipwa atakuweka kwenye zulia linalotembea, lile linalokupandisha umesimama, na atakufundisha kwanza kusimama: ncha za skii ndani, visigino nje, magoti yamekunjwa, uzito mbele ya buti. Mwanafunzi akiogopa huegemea nyuma, na kuegemea nyuma ndiko kunakompa mwendo asioutaka. Mambo haya mgeni hukwambia kwa upole kwa sababu umemlipa. Mume hukwambia kwa kufoka mbele ya watu.

Anayetaka mwalimu mwanamke aombe mapema anapolipia, si asubuhi ya siku ya kwanza mbele ya foleni.

Na dukani, unapokodi vifaa, mtakuulizwa uzito, urefu, umri na kiwango chako. Dada zangu, hapa usipunguze kilo. Kile kifungio kinachoshika buti kwenye skii kinarekebishwa kwa namba hizo ili kiachie mguu unapoanguka. Ukitaja kilo 58 na wewe ni 75, kitaachia mapema na utaangushwa ovyo. Na ukijitapa kwamba umeshazoea ilhali ni siku ya kwanza, kitakazwa zaidi, kisiachie wakati goti linajipinda. Kano za goti ndizo zinazoumia sana kwenye skii, na wanawake huziumiza zaidi kuliko wanaume. Mwambie yule kijana sikioni kama unaona haya mbele ya mawifi, au andika kwenye karatasi, lakini sema kweli.

Bi harusi mwenye shaka kwamba huenda ana ujauzito, apime kwanza. Madaktari hushauri wajawazito waepuke michezo ya kuanguka, na huu ni wa kuanguka. Achukue siku za Bursa, mlima utamsubiri.

Ngozi pia msiidharau. Theluji mpya hurudisha hadi asilimia 80 ya mionzi ya jua inayounguza, na kila unapopanda mita 1,000 mionzi huongezeka kwa karibu asilimia 10. Pale Tekir jua linakupiga juu na chini ya kidevu. Weusi wetu hauzuii kuungua, hasa ngozi iliyosuguliwa wiki mbili kwa ajili ya harusi. Krimu ya jua, midomo isisahauliwe, na miwani haivuliwi kwa ajili ya picha.

Fedha. Kuna sauti ya tatu inayosema heri Umra. Mwenye uwezo na hajahiji, Hija ndiyo ya mbele, sina la kuongeza. Lakini wanaoisema sauti hii kwa mama aliyeweka kibubu miaka miwili ndio hao hao hawakusema neno baba aliponunua gari la pili. Ninachokipinga kwa nguvu ni mkopo. Kukopa ili bi harusi apigwe picha kwenye theluji, na pengine kukopa kwa riba, ni kuianza ndoa kwa deni la kitu kinachoyeyuka. Upatu ukifika zamu yako ni halali yako. Mkopo wa theluji hapana.

Na kabla ya kutoa hata shilingi ya safari, jaribuni kwanza. Walioko Muscat wanafika Dubai kwa gari. Ski Dubai, iliyofunguliwa mwaka 2005 ndani ya jengo la maduka, ina mteremko mrefu wa mita 400 na hukodisha jaketi na suruali. Walioko Uingereza wana kumbi za theluji Milton Keynes na Hemel Hempstead. Somo moja la saa mbili, mama akiwemo, litawaambia kama familia inaupenda mchezo au inaipenda picha. Wakichukia, mmeokoa mamilioni.

Bima isomwe yote. Visa ya Schengen inataka bima ya matibabu ya angalau yuro 30,000, na watu hupata karatasi hiyo wakadhani wamemaliza. Bima nyingi za kawaida hazigusi michezo ya baridi mpaka uombe na ulipie, na helikopta ya kukutoa mlimani haina huruma. Italia, tangu Januari 2022, hairuhusu kuteleza bila ya bima ya kumlipa mtu utakayemgonga.

Mwisho ni kalenda. Ramadhani sasa imeingia ndani ya msimu wa skii na itakaa humo miaka kadhaa. Mwaka 2027 inatarajiwa kuanza karibu na tarehe 8 Februari, na 2028 mwishoni mwa Januari. Wenye watoto skuli za Uingereza waliozoea likizo fupi ya Februari, mwaka 2027 itawaangukia ndani ya mfungo; wachukue Disemba au wangoje Pasaka, na wachague kituo cha juu, maana mwishoni mwa Machi vituo vya chini vinabaki tope. Wa Unguja na Pemba, likizo ya Disemba inatosha. Wiki ya Mwaka Mpya bei hupanda, siku kumi kabla yake hushuka, na walimu siku hizo hawana foleni.